Kiatu cha Kushoto

Nyumbani kwa Matroni
3 Februari

Mzee Fundi, shikamoo.

Umeondoka wiki moja tu na kitanda chako kimeshapata mwenyewe. Wamemleta mpiga tarumbeta wa bendi za harusi. Bwana huyu anakoroma kwa nota. Anaanzia chini, anapanda, akifika juu anasita kidogo kama anayesubiri makofi, halafu anaanza upya. Sikudhani ipo siku nitakililia kikohozi chako.

Matroni anakusalimu. Habari za simu bado hataki kuzisikia, ya ofisini kwake ni ya dharura tu. Anasema simu ni za wenye haraka, na haraka ndiyo iliyotuleta hapa. Kwa hiyo mpaka nimalize mwaka wangu wa kuacha pombe, mwisho wa Julai, ni barua tu.

Sasa nisikilize. Siku ile uliposema unarudi kwenye kazi yako ya viatu, na kwamba kwako mji wowote ni mji kwa kuwa hakuna mahali unaposubiriwa, nilikusaidia kufunga begi. Nilikuwa na neno, sikulitoa. Nakuomba uende mji wa kwetu. Nyuma ya soko kuna mtaa wa mafundi, na mwisho wake, pembeni ya duka la vioo, yupo mchonga funguo anayetembea kwa magongo. Yule ni kaka yangu.

Habari yake unaijua. Ulikuwepo kwenye duara siku niliposema mbele ya watu kumi na mmoja na birika la chai kwamba breki hazikukataa. Miaka minane iliyopita niliwaambia polisi, mama, na kaka mwenyewe akiwa kitandani, kwamba breki zilikataa. Breki zilikuwa nzima. Nilikuwa nimelewa tangu saa nne asubuhi. Kaka alikuwa fundi wa mapaa, Mzee. Alitembea juu ya bati kama mtu anayetoka sebuleni kwenda jikoni. Wakamkata mguu wa kulia juu ya goti, nami nikakimbia kabla hajaruhusiwa kutoka hospitali. Mkaniita Breki, na jina nimelipokea. Nimelitafuta mwenyewe.

Usimwambie kitu. Mtazame tu, uniambie kama bado anacheka. Na mama, kama yu mzima. Jina langu lisitajwe.

Mimi mdogo wako,
Breki


Mtaa wa mafundi
19 Februari

Breki,

Marahaba. Nimefika, nimekodi kibanda, na ukuta wangu mmoja ndio ukuta wa kaka yako. Mashine yake ikikata ufunguo, misumari yangu inacheza kwenye kopo. Nilitaka cha mbali kidogo, lakini ndicho kilichokuwa wazi.

Anacheka. Tena ananicheka mimi. Siku ya pili alikuja mlangoni, akanitazama ninavyopanga kalibu zangu, ile miguu ya mbao ninayoundia viatu, akasema, "Fundi, una miguu mingi kuliko haki. Huna wa kuniazima?" Sikujua nicheke au nilie. Nikamwambia wa kwake sina, lakini kiatu naweza. Akasema anataka cha kushoto tu, na nisithubutu kumtoza cha kulia.

Nimemshonea. Ngozi nyeusi, soli nene, kwa sababu mguu mmoja unabeba kazi ya miwili. Lakini miaka arobaini nimeshona jozi, mikono haijui kusimama katikati. Nilipokuja kushtuka, cha kulia nacho kilikuwa tayari. Nimekiweka rafuni. Alipokiona alikigeuza soli juu, akasema, "Basi nitafutie mwenzangu aliyekatwa wa kushoto, mguu saba na nusu, tushirikiane."

Ni mtu mzuri, kaka yako. Mkali, ana ulimi wa wembe, lakini mzuri.

Mama sijamwona. Naambiwa yupo, na magoti yanamsumbua.

Sijanywa. Siku ya ishirini na tatu leo tangu nitoke kwa Matroni.

Fundi


Nyumbani kwa Matroni
2 Machi

Mzee wangu, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Mpiga tarumbeta alitaka kujua ni ya mwanamke gani.

Anacheka! Nilikuwa nimejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo. Niambie zaidi. Bado anakuna shingo akifikiri? Amenenepa? Watoto wake wanamjia? Je, amewahi kusema neno lolote kuhusu kuwa na mdogo? Nilikwambia umtazame tu, najua, lakini sasa wewe ni jirani, na jirani huulizana mambo. Muulize kwa mbali. Usimkurupushe.

Hapa wamenipa zamu ya jikoni na darasa la kusuka vikapu. Matroni ameshika kikapu changu cha kwanza, akakigeuza juu chini, akauliza, "Hiki ni kofia?" Nikamwambia ni kikapu. Akasema, "Mungu anakuona."

Breki


Mtaa wa mafundi
21 Machi

Breki,

Tumeanza kucheza drafti. Saa kumi jioni kazi ikipungua anakuja na chupa ya chai, ananyoosha magongo chini ya meza yangu, tunapanga kete. Ananifunga sana. Nikimfunga mimi, anasema ubao umepinda.

Nilimuuliza kwa mbali, kama ulivyotaka. Nilisema, "Mwenzangu, huna ndugu?" Akala kete zangu mbili kwanza. Ndipo akasema, "Nilikuwa naye." Akaendelea, "Na nikijua kuna mtu anayemfahamu, anakaa na mimi na hasemi, huyo nitamwona mbaya kuliko yeye." Sijui kwa nini alisema vile. Labda aliyasemea hewani tu. Lakini nilihisi kama ameusoma uso wangu. Kwa hiyo, mdogo wangu, tungoje. Bado kidonda chake kibichi.

Sasa la mama. Amekuja mwenyewe, kanivalia kitenge cha njano, ndala yake imekatika mkanda. Alikaa kwenye kigoda changu nikishona, akaniuliza watoto wangu ni wangapi. Nikamwambia nina binti mmoja. Sikumwambia mengine, kwamba nilimshonea binti yangu viatu vya harusi, vyeupe, nikaviuza nikavinywea asubuhi ya siku yenyewe, akaolewa amevaa ndala. Hayo unayajua wewe na birika la chai. Nikamgeuzia yeye swali. Akajibu, "Nina wawili wa kiume. Mmoja yuko hapa, mwingine yuko njiani."

Neno kwa neno nakuandikia. Yuko njiani.

Fundi


Nyumbani kwa Matroni
9 Aprili

Mzee Fundi, shikamoo, na Mungu akuzidishie.

Yuko njiani. Nimekuwa nikilisema nikiosha sufuria. Mpiga tarumbeta amechoka nami, anasema kama niko njiani basi nifike.

Nimemwandikia mama. Bahasha ndogo iliyomo ndani ya hii ni yake. Nimeiandika mara tisa. Nane za kwanza zilikuwa ndefu na zilinitetea. Hii ni fupi. Mpe mkononi, kaka asipokuwepo. Mama hasomi vizuri maandishi madogo, kwa hiyo nimeandika makubwa kama ya ubao wa darasani. Akitaka kujibu, mwandikie wewe, aseme lolote, hata akinitukana. Akinitukana andika yote, usipunguze.

Kaka tutamngojea, kama ulivyosema. Lakini mama ana miaka sabini na nne, sitaki kumngojesha.

Nakutegemea wewe, Mzee. Sina mwingine.

Breki


Mtaa wa mafundi
14 Mei

Breki,

Samahani kwa kuchelewa. Mvua zimekuwa nyingi, ngozi haikauki, gundi haishiki. Watu wanaleta viatu vilivyojaa maji utadhani wametoka kuvua navyo. Nami nilishikwa na homa siku mbili tatu.

Bahasha ninayo. Sijapata nafasi nzuri. Nyumba ya kwenu ilikuwa na watu wengi wiki zile, na wewe ulisema kaka asiwepo.

Kaka yako yupo. Drafti tumepumzika kidogo.

Endelea na vikapu. Nasikia hata wanaojua walianza kwa kofia.

Fundi


Nyumbani kwa Matroni
22 Mei

Mzee wangu,

Shikamoo, halafu nikugombeze.

Wiki tano nasubiri, kisha unanitumia habari za mvua? Mvua tunayo hata hapa. Barua yako nimeigeuza nyuma na mbele nikitafuta ulikoficha barua yenyewe. Watu wengi nyumbani kwa sababu gani? Sisi si watu wa wageni. Na drafti mmepumzika kwa nini, mmegombana?

Nakuuliza kama tulivyofundishwa kuulizana kwenye duara, macho kwa macho: umekunywa? Kama umekunywa sema, sitakuhukumu, nitamwambia Matroni akutafutie nauli leo hii.

Na kama hukunywa, nijibu swali moja tu. Mama yangu yukoje?

Breki


Mtaa wa mafundi
3 Juni

Mdogo wangu,

Sijanywa. Naapa kwa mikono yangu hii, ambayo ndiyo mali niliyobakiza.

Umeniuliza swali moja. Nakujibu. Mama yako amepumzika. Yale magoti hayamsumbui tena.

Lipokee hilo neno taratibu. Ukilipokea, niandikie.

Fundi


Nyumbani kwa Matroni
12 Juni

Mzee wangu mpendwa, shikamoo.

Alhamdulillahi! Si ungesema mapema? Miaka yote ile alikataa kupumzika. Ukimwambia "mama kaa", anakaa huku anachambua mchele. Nani amemlazimisha? Bila shaka kaka. Na hao watu wengi nyumbani ni mashangazi, sasa nimeelewa, wamekuja kumsaidia kazi. Na magoti yamepoa! Ni ile dawa ya kuchua, au amekwenda hospitali?

Basi usihangaike tena na bahasha. Nitampa mwenyewe. Mwisho wa Julai natoka, nakuja moja kwa moja, kaka anipige, anifukuze, nitakaa nje ya mlango mpaka mama aseme neno. Nimemsukia kikapu. Hiki kimekaa sawa, hata Matroni amekubali, ingawa kimeelemea upande mmoja kama mtu anayesikiliza umbea.

Umeniondolea mzigo, Mzee. Umekuwa ndugu kuliko ndugu.

Breki wako


Mtaa wa mafundi
20 Juni

Breki,

Keti kwanza. Kama Matroni yuko karibu, mwambie akae nawe.

Mama yako amefariki. Alifariki tarehe ishirini na saba Aprili, saa nane mchana. Hilo ndilo nililotaka kusema kwa lile neno. Nilichagua neno lenye milango miwili, nikakuachia uingie unakotaka, kwa sababu sikuwa na moyo wa kukushika mkono na kukuingiza. Barua yako ya furaha imenivua nguo.

Sasa yaliyobaki, na ndiyo mabaya zaidi.

Barua yako yenye bahasha ilifika tarehe kumi na sita. Siku ileile kaka yako alikuja bila chai. Akasema, "Mama ameanguka. Anamtaka yule mwingine. Sijui hata nianzie wapi kumtafuta." Bahasha yako ilikuwa kwenye droo, chini ya mkono wangu. Nilifungua mdomo. Akaingia mtu na buti la mpira. Alipotoka, kaka yako alikuwa ameshaondoka.

Zilikuwa siku kumi na moja, Breki. Kumi na moja. Ningepiga simu kwa Matroni kutoka duka la vioo ungefika siku ya pili yake. Nilijiambia wewe bado mchanga katika kuacha pombe, habari nzito itakuangusha. Nilijiambia atapona. Kila siku nilikuwa na sababu mpya, na kila moja ilikuwa nzuri. Ukweli ni huu: ningesema, kaka yako angejua kwamba nilitumwa, kwamba kila kete niliyosogeza nilikuwa na macho ya mtu mwingine. Angeacha kuja saa kumi. Miaka sita hakuna mtu aliyewahi kuja kwangu saa yoyote.

Siku ya tano nilikwenda kumwona, bahasha iko mfukoni. Kaka yako alinipokea mlangoni akasema, "Karibu, Fundi. Wewe ndiye mtu ambaye hajanidanganya bado." Nikaingia. Mama akanishika mkono, akautazama mlango nyuma yangu, akaniuliza, "Umekuja peke yako?"

Nikasema, "Peke yangu, mama."

Sijui alijua nini. Aliniachia mkono, akageukia ukuta.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha ya mwenzangu. Jana nimemwambia kaka yako kila kitu na kumpa bahasha. Nimekuandikia kabla sijapita kwa muuza vinywaji wa kona. Sitakuomba unisamehe, sina mdomo wa kuombea.

Fundi


Nyumbani
28 Juni

Wewe,

Sijui nikuanze vipi, kwa hiyo nimekuanza hivyo.

Huyo fundi wako alinieleza katikati ya mchezo, tena nilikuwa nashinda. Nilimpiga kwa gongo. Begani, mara mbili. Hakukwepa. Mtu asipokwepa unajisikia mjinga, unabaki umesimama kwa mguu mmoja na gongo hewani. Nikamwambia atoke. Akatoka, kisha nikakumbuka kibanda ni chake, nikatoka mimi.

Barua yako kwa mama nimeisoma. Nilimsomea makaburini, kwa sauti, walinzi wakaniona mwendawazimu. Umeandika "samahini". Neno lenyewe ndilo hilo, na umelikosea.

Nilikuwa nimepanga barua hii ikutukane tu. Nimeianza Jumatatu, leo ni Ijumaa. Kila nikifika katikati nakutana na langu. Sasa nitalisema ili nilale.

Mwaka juzi ulileta barua mbili hapa. Umesahau? Pengine ulikuwa umelewa. Zilikuja kwa mama. Nilizipokea mimi. Nikaziandikia "hajulikani" kwa kalamu nyekundu, nikazirudisha posta. Anwani yako ilikuwa nyuma ya bahasha, wazi kabisa, na sikuinakili. Mama alipoanza kukuita mwezi wa nne nilikaa kando ya kitanda nikiitafuta anwani ile kichwani, hata jina la mtaa tu. Haikuja. Kila saa aliuliza, "Hajaleta hata barua?" Nami nikajibu, "Hajaleta, mama." Kwa hiyo aliyemdanganya mama ni zaidi ya mmoja. Mimi nilikuwa wa kwanza.

Na lingine. Hizo breki ambazo nasikia umeziungama mbele ya watu kumi na moja. Ungeniuliza mimi. Nilikuwa nimekaa pembeni yako. Nilisikia harufu kabla hujawasha gari, na nilipanda, kwa sababu nilikuwa nimechoka na sikutaka kutembea. Polisi walipokuja hospitali wakauliza, "Ndugu yako anasema breki," nikasema, "Ndiyo, breki." Nilikulinda, halafu nikakuchukia kwa sababu ulikubali kulindwa, ukakimbia. Hukungoja hata nikutukane. Hilo la kukimbia ndilo lililoniuma kuliko msumeno.

Mama amezikwa upande wa magharibi, karibu na ukuta. Jiwe bado. Nilitaka tulichague wawili, nikajiona mpumbavu, nikangoja hata hivyo.

Fundi amefunga kibanda. Ufunguo aliniachia, mimi mchonga funguo! Muuza vinywaji wa kona anasema amemwona. Unajua maana yake.

Njoo. Sijakusamehe. Njoo tu.

Kaka yako


Mtaa wa mafundi
16 Agosti

Mzee Fundi,

Shikamoo. Wiki sita nimekuwa nikikunyima neno hilo moyoni. Leo nimelitoa, ingawa limekwaruza.

Nilifika hapa tarehe tano Julai, Matroni aliniruhusu kabla mwaka wangu haujaisha. Kaka alikuwa ameketi kwenye mashine yake. Alinitazama, akamaliza ufunguo aliokuwa akiukata, akaupiga tupa, akampa mteja, akamrudishia chenji. Ndipo akasema, "Umezeeka." Nikasema, "Na wewe." Akasema, "Mimi nina sababu." Tukafunga, tukaenda makaburini. Njia nzima nilitembea haraka mno, nikasimama kumngoja, nikatembea tena haraka. Mwishowe alinishika bega akaliegemea, akasema gongo moja linatosha akiwa na mtu. Ya huko sitakueleza. Nilikiacha kikapu. Kaka akasema hata huko watu watauliza kama ni kofia.

Sasa niseme hasira yangu, kisha niiache.

Ningemkuta, Mzee. Ningefika siku ya pili, ningekaa naye siku tisa. Nimezihesabu. Kila nikishika kitu, kikombe, kitasa, nafikiri: siku tisa. Sijui kama hilo litakwisha. Sitakudanganya kwamba limekwisha.

Lakini nami nina langu. Lile neno lako, "amepumzika", nililielewa. Nadhani nililielewa mara ya kwanza kabisa, nimesimama uani na barua mkononi. Mtu gani mzima asiyelijua neno lile? Nikakaa chini, nikakuandikia habari za mashangazi na dawa ya kuchua, kwa sababu nikiandika hivyo alikuwa hai kwa siku nane zaidi, mpaka ujibu. Ulinifungulia milango miwili. Ni mimi niliyechagua wa kuingia.

Na siku ile kaka alipokuokota nyuma ya soko, tarehe kumi na mbili Julai, akakuleta mpaka kibandani kukuosha uso kabla ya kukupeleka kwa Matroni, nilikuwepo. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta. Nilikusikia ukimuuliza, "Amekuja?" Kaka akasema, "Amekuja." Nilikaa kwenye kigoda nikiutazama mlango, ufunguo uko ndani, ningeuzungusha tu. Kaka ndiye aliyepanda basi nawe, saa saba za njia, kwa mguu mmoja, na wewe ukimtapikia. Mimi mwenye miguu miwili nilibaki nimeketi. Sijui kwa nini nakuambia. Kwenye duara tulifundishana kutoficha kitu.

Matroni ameniandikia. Anasema umerudi kitanda kilekile, mpiga tarumbeta amehamia kitanda changu, na kwamba siku ya tano hii unakunywa maji tu na kugeukia ukuta. Hutaki kula. Anasema hajawahi kumwona mtu anayejifunga kwa hukumu yake mwenyewe namna hiyo.

Kwa hiyo Jumamosi iliyopita mimi na kaka tulifanya jambo bila ruhusa yako. Tulikwenda kwa binti yako.

Usitupe barua. Soma.

Tulimpata kwa kuulizia wasusi wa mtaa uliowahi kuutaja kwenye duara, maana ulisema ana saluni. Ana mabinti wawili, mkubwa ana paji lako la uso. Mama yao alikuwa amebeba beseni la mataulo. Kaka akajitambulisha, mimi nikasema nimetoka kwa baba yake. Hakutukaribisha ndani. Aliweka beseni chini, akasimama mlangoni amefumbata mikono, akasikiliza. Nilimwambia yote, ulivyoacha pombe, ulivyorudia, ulilotufanyia sisi, jema na baya, sikupunguza. Kaka akaongeza kwamba wewe ni mchezaji mbovu wa drafti lakini mtu wa kukaa naye. Mteja akaita kutoka ndani, binti yako akajibu, "Nakuja." Hakuenda.

Hakusema amekusamehe, Mzee. Hakusema atakuja. Nisingependa ungoje jambo ambalo sikuahidiwa. Alitazama miguu ya kaka, yaani mguu, akatazama barabarani, akaokota beseni lake. Tulipogeuka kuondoka akauliza kitu kimoja.

Akauliza, "Anakula?"

Kaka alinitazama. Nilikuwa na barua ya Matroni mfukoni, nilijua jibu. Nikasema, "Anakula, dada."

Akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani.

Nimedanganya tena, Fundi, kwenye mlango wa mtu, mchana kweupe, baada ya yote haya. Wewe ndiye pekee unayeweza kuniondolea uongo huu. Muombe Matroni uji. Kula.

Mdogo wako,
Breki